Mfuko Unauachia Nani?

Jamani, nyinyi mnaotembeza mbwa hifadhini, hebu nielezeni. Kinyesi umekiokota, umekitia kwenye mfuko wa plastiki, umefunga fundo vizuri kabisa. Kazi ngumu imekwisha! Halafu unautundika mfuko kwenye tawi na kwenda zako. Nani aje auchukue, kigogota?

Na msiniambie eti ni mbolea. Hapo ndipo penye balaa. Maua ya porini hupenda udongo usio na rutuba nyingi. Ukiurutubisha, nyasi ndefu huyameza. Watafiti wa Ubelgiji walikadiria mwaka 2022 kwamba, kwenye hifadhi za karibu na mji wa Ghent, mbwa huacha kilo 11 za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi, virutubisho vile vile vya mbolea, kwa kila hekta kwa mwaka. (Mkojo nao umo humo, na huo hauokoteki.) Walau hicho kinachookoteka kiondoke basi, kifike kwenye pipa.

Kuna wale wa “nitauchukua nikirudi.” Utarudi wapi, ndugu yangu? Njia yenyewe ni ya mzunguko, inakutoa getini moja kwa moja!