Mnada Niliouhamisha kwa Mdomo

Jumanne ile nilikuwa kwa mama lishe, soko la Majengo, mbele yangu ugali na mlenda, nikisubiri habari inidondokee. Mimi ni mwandishi wa mtandaoni hapa Dodoma. Bunge likikaa tunakula. Likiahirishwa, wenzetu wa Dar wanapanda SGR kurudi kwao, sisi tunabaki kuhojiana wenyewe kwa wenyewe.

Nyuma yangu mchoma nyama mmoja wa mnada wa Msalato akamwambia mwenzake: "Jumamosi hii tunahama. Pale hapafai tena."

Mlenda ukanikwama kooni. Anayeujua mlenda anajua hilo si jambo rahisi.

Msalato unahama! Na kwa nini usihame, wakati uwanja wa ndege wa kimataifa unajengwa kulekule? Kichwani tayari niliona ndege inatua na mbuzi wanatawanyika. Nilipotoka nikamuuliza bodaboda wangu: "Eti mnada unahamishwa? Au ndiyo wanaupeleka Ihumwa?" Ihumwa niliitaja hivihivi tu, asubuhi nilikuwa nimepita huko.

Mhariri wetu ana sheria moja: chanzo kimoja ni umbea, vyanzo viwili visivyojuana ni habari. Mimi nikataka vitatu, nimkomeshe.

Saa kumi jioni bodaboda akapiga: "Kaka, ni kweli bwana, Ihumwa." Kimoja. Kesho yake mama lishe akaniinamia na sufuria mkononi: "Mwanangu, na wewe umelisikia la Ihumwa?" Viwili. Usiku ofisa mmoja, ambaye amewahi kuniambia ukweli mara mbili na tangu hapo namwamini kama mzazi, akanirushia ujumbe wa WhatsApp: mnada, Ihumwa, Jumamosi. Juu ya ujumbe kulikuwa na ile mishale miwili, alama kwamba umeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Watu wazima wakiiona mishale ile huuacha ujumbe ulale. Mimi niliona umati wa mashahidi.

Na ofisi inayohusika na minada? Nilipiga. Mara moja. Ilikuwa inatumika.

Alhamisi usiku nikaachia: KWAHERI MSALATO! MNADA WAHAMIA IHUMWA JUMAMOSI HII. Ndani nikapachika ile sentensi yetu ya sikukuu, "kwa mujibu wa chanzo chetu cha kuaminika ambacho hakikutaka jina lake litajwe". Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Jumamosi saa mbili asubuhi simu ikaita. Mjomba wangu wa Buigiri.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. Mzee wa Kigogo akikunyima marahaba, kaa chini kwanza.

"Mjomba, nipo Ihumwa. Mnada uko upande gani?"

"Kwani hapo pana watu?"

"Nipo mimi, mbuzi watano, mwenye kirikuu, na bibi mmoja wa karanga. Naye amesoma habari yako."

Saa nne kirikuu kikapaki mbele ya nyumba ninayopanga Chang'ombe. Mjomba akashusha mbuzi mmoja mmoja, akawapanga ukutani, akanikabidhi kamba. "Nauli ya gari ni yako. Sasa isome hiyo habari kwa sauti, na wao waisikie."

Nikafikiri anatania. Hakuwa anatania. Nilisoma hadi "hakikutaka jina lake litajwe", ndipo beberu mmoja mweusi, mwenye sikio lililochanika, akasogea na kuanza kutafuna kamba ya kitambulisho changu cha uandishi.

Kilichoninyima raha zaidi ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5. Nikajaribu kuipiga kwa mbuzi. Uwanja wa nyumba usingetosha.

Nikafuta habari, nikaomba radhi, kisha nikaanza kurudi nyuma mguu kwa mguu. Ofisa alirushiwa na shemeji yake, shemeji kaipata kwenye grupu la wauza mbuzi, na kwenye grupu iliwekwa na mtu anayekula kwa mama lishe wangu. Nikaenda Majengo.

"Mama, wewe nani alikwambia?"

"Si yule kijana wako wa bodaboda."

"Na yeye?"

"Anasema kuna mwandishi alimdokeza. Jina hakutaja. Ila eti anavaa kizibao chenye mifuko mingi."

Nikatazama kifua changu. Mifuko minane.

Mbuzi nilikaa nao wiki nzima. Mwenye nyumba aliwavumilia hadi Jumatano, walipoifikia michicha yake. Jumamosi iliyofuata tukaenda Msalato, mjomba mbele na mimi nyuma na kamba tano, watu wakinisalimia kwa jina la Ihumwa. Wanne waliuzika. Mweusi wa sikio alirudi na mjomba, aliyesema huyo amekwisha kusoma.

Kabla hatujaondoka nikamtafuta yule mchoma nyama. Nikamuuliza ile Jumanne alisema wanahamia wapi.

"Hapa," akasema, anageuza mbavu. "Pale moshi ulikuwa unawaingia wateja machoni."

"Pale wapi?"

Akanionyesha kwa koleo duara la majivu. Safari hii nilipima mwenyewe. Hatua tisa.