Kati ya .com na .co.tz, uliza kwanza jina limesajiliwa kwa nani

Mfanyabiashara wa Mwanza au Arusha akiamua kufungua tovuti, ubishi wa kwanza huwa huo huo: achukue domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, ya .com au ya .co.tz? Kila upande una watetezi wake, na hoja zao ni za kweli. Mimi naegemea .co.tz kwa mtu ambaye wateja wake wako nyumbani, ila sidhani kama hapo ndipo wengi wanapoumia.

Nguvu ya .com ni mazoea. Ipo tangu 1985, na mtu akisikia jina la kampuni redioni, vidole vyake huandika .com kabla hajafikiri. Anayeuza safari za Serengeti kwa Wajerumani au kahawa kwa wanunuzi wa nje hana sababu ya kuikwepa. Vilevile biashara ikivuka mpaka kwenda Nairobi au Kampala, .com haimtambulishi kama mgeni.

Tatizo ni kwamba majina mafupi yameisha. Safari, simba, karibu, yote yalichukuliwa zamani. Hapo ndipo watu huanza kubandika vistari, tarakimu na herufi za mkato, na jina likitajwa kwenye simu linahitaji maelezo ya dakika nzima. Jina zuri la tovuti ni lile ambalo mtu akilisikia mara moja analiandika sawasawa. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kuwa tunaandika tunavyotamka, lakini si kila mahali: wapo wanaotamka th kama s, kwa hiyo duka linaloitwa Thamani litatafutwa pia kama Samani, na wateja wataishia kwa muuza makochi. Jina la namna hiyo ama lisajiliwe kwa tahajia zote mbili, ama liachwe.

Kwenye .co.tz nafasi bado ipo. Unalipa kwa shilingi kupitia msajili wa hapa nchini, yaani kampuni inayosajili majina ya tovuti, bila kuhangaika na kadi ya dola. Mteja anaona mara moja kuwa uko Tanzania, na injini za utafutaji nazo huchukua kiishio cha nchi, ile .tz ya mwisho, kama ishara kwamba tovuti inawahusu watu wa nchi hiyo. Kwa fundi wa samani au kliniki ya meno, hilo lina uzito kuliko sifa ya kuonekana wa kimataifa.

Wapinzani wa kiishio cha nchi wana hoja moja nzito: mwenye kiishio ni nchi, na nchi inaweza kukunyang'anya jina. Imeshatokea. Mwaka 2010 Libya, mwenye kiishio cha .ly, iliifuta vb.ly, na Februari 2024 utawala wa Taliban wa Afghanistan, nchi ya kiishio cha .af, ulisimamisha queer.af. Lakini .com nayo ina nchi. Inaendeshwa na Verisign, kampuni ya Marekani, na mwaka 2012 mamlaka za Marekani zilichukua bodog.com, tovuti ya kamari, ingawa ilisajiliwa kupitia kampuni ya Kanada. Hakuna kiishio kisicho na mwenyewe. Unachochagua ni sheria za nani zikuhukumu. Muuza vipuri atapata nafuu kufuatilia shauri lake nchini kuliko Marekani. Mwandishi wa habari anayeikosoa serikali ana kila haki ya kuamua kinyume, na nisingemlaumu.

Domeni za bure sizipigii debe kabisa. Vijana wengi walijifunzia kwenye .tk na .ml zilizogawiwa na kampuni ya Freenom, kisha mwaka 2023 usajili ukasimama, Mali ikarejesha .ml mikononi mwake, na tovuti nyingi zikapotea.

Sasa jambo linaloniuma. Wajasiriamali wengi humwachia fundi wa tovuti kila kitu, naye anasajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe. Ni sawa na kununua kiwanja na kuacha hati iandikwe jina la dalali. Wakigombana, au fundi akihama na kubadili namba, mwenye biashara anagundua kuwa jina lililopakwa kwenye magari yake si lake. Kwa hiyo kabla ya kumalizia malipo ya kazi, dai akaunti ya msajili iwe yako na nywila uwe nayo wewe. Anwani ya barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya domeni hiyo hiyo, kwa sababu ikikatika, hata ujumbe wa kukukumbusha kulipa hautakufikia.

Kusahau kulipa hakuchagui mdogo wala mkubwa. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, huduma yake ya barua pepe ya Hotmail, iliyotegemea jina hilo, ikasumbua, na mtaalamu mmoja wa kompyuta akailipia dola 35 kutoka mfukoni mwake. Kwa .com, muda ukiisha msajili anaweza kukupa hadi siku 45 za kuhuisha, kisha kuna siku 30 za kulikomboa jina kwa bei kubwa zaidi. Baada ya hapo zinabaki siku 5 tu jina lirudi sokoni, ambako wapo wanaolisubiri.

Mwenye uwezo achukue viishio vyote viwili na kuelekeza kimoja kwenye kingine. Mwenye bajeti ya kimoja tu aandike .co.tz kwenye bango lake, na akiweza alipie miaka kadhaa kwa mkupuo.