Unyayo wa panya na majani ya mwarobaini

Panya mweupe wa maabara anachomwa sindano chini ya unyayo wa nyuma: mililita 0.1 za maji yenye asilimia 1 ya karajinani, utomvu wa mwani mwekundu, jamii moja na ule wanaoulima akina mama wa Paje, Unguja. Baada ya saa tatu hivi unyayo umetuna. Kama alitangulia kunyweshwa dondoo, yaani kiini kilichotolewa kwenye majani ya mwarobaini, na akavimba kidogo kuliko mwenzake aliyepewa maji matupu, watafiti huandika kwamba majani yanapunguza uvimbe.

Kipimo hiki kilichapishwa Marekani mwaka 1962, na hakijadumu bure. Ni cha bei nafuu, kinaisha kwa siku moja, na indomethasini na diklofenaki, dawa zinazojulikana za maumivu na uvimbe, hufaulu humo. Waganga wetu wametumia majani haya miaka mingi. Kuyapima ni kuwaheshimu.

Lakini tuangalie sufuria. Bibi huchemsha majani kwa maji. Maabara nyingi huyaloweka kwenye ethanoli au methanoli, aina za alkoholi, zikachuja na kukausha. Kinachotoka humo sicho anachokunywa mjukuu wa bibi. Halafu kuna dozi. Tuseme panya alipewa miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kawaida dozi ya panya kwa kila kilo hugawanywa kwa takriban 6 ili kupata ya binadamu, hivyo mtu wa kilo 60 angehitaji karibu gramu 4 za dondoo kavu. Ikiwa gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za dondoo, hizo ni gramu 40 za majani kwa mara moja. Nani atauweza uchungu huo, na ini lake litasemaje?

Tena panya alikunywa dawa kabla ya kuvimba. Mgonjwa wa baridi yabisi anakuja magoti yamevimba miaka kumi.

Panya naye anaumia, jambo linalopitiwa haraka mno. Mimi sipingi jaribio. Napinga kulirudia kwa panya sita sita, huku anayepima unyayo anajua nani kapewa nini. Maumivu hayo hayamfundishi mtu kitu. Watafiti wapime maji ya majani yaliyochemshwa, wampe panya baada ya uvimbe kuanza, mpimaji afichwe makundi, na ini lichunguzwe. Kabla ya hapo, muuza unga wa mwarobaini sokoni asimwambie mama mwenye magoti mabovu kwamba "imethibitishwa", mama huyo akaacha vidonge vyake.