Pikipiki Zinazofika Sturgis kwa Trela

Kila Agosti, mji mdogo wa Sturgis katika jimbo la South Dakota, Marekani, wenye wakazi wapatao 7,000, hupokea mamia ya maelfu ya waendesha pikipiki, desturi iliyoanza mwaka 1938 kwa mashindano ya mbio yaliyoandaliwa na klabu ya Jackpine Gypsies. Kinachonikera ni wale wanaosafirisha pikipiki zao juu ya trela, wenyewe wakiwa wamejikalia ndani ya gari lenye kiyoyozi, kisha wakazishusha karibu na mji, wakavaa makoti ya ngozi na kuingia Main Street kwa mikogo ya watu waliopigwa na upepo tangu Texas. Mwenye maradhi ya mgongo namwelewa, na mzee pia. Nisiyemwelewa ni kijana mwenye afya njema anayepiga resi akiwa amesimama, usiku wa manane, ilhali barabara ya Needles, yenye kona kali na mahandaki membamba yaliyotobolewa katika miamba, haiko mbali. Huko hakanyagi. Hununua fulana, hupiga picha, kisha huipandisha pikipiki kwenye trela, ikiwa safi kama ilivyokuja.