Bodi Ikichelewa, Msiikimbilie RAM

Mwezi huu niliombwa kuipitia ankara kifani ambayo hadi sasa inanikera. Kiwanda kidogo cha kubangua korosho kina mashine ya kamera inayotenganisha punje nzima na zilizovunjika, na ubongo wa mashine hiyo ni Raspberry Pi 4, bodi ya kompyuta ndogo, yenye RAM (kumbukumbu ya kazi, au memori) ya GB 2. Mashine ilikuwa inachelewa kutoa uamuzi, kiasi kwamba punje zilifika mwisho wa mkanda kabla jibu halijapatikana, na fundi aliyeitwa akaandika tiba yake kwa mstari mmoja: bodi ing'olewe na inunuliwe ya GB 8, kwa sababu "memori imezidiwa". Kipimo hakikuambatishwa hata kimoja. Kilichoambatishwa ni bei, gharama za ufungaji na muhuri.

Bodi ya GB 8 ina kichakataji kile kile cha BCM2711 kilichomo katika bodi ya GB 2, chenye viini vinne vya Cortex-A72, kila kiini na kache yake ya data (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya kichakataji) ya KB 32, na vyote vinne vikigawana kache ya pili ya MB 1. Ukilipia GB 6 za ziada, hupati hata baiti moja ya ziada katika kache hizo, na huko ndiko kazi inakofanyika. Ni sawa na mpishi aliyebanwa na ubao mdogo wa kukatia, akashauriwa ajenge stoo kubwa zaidi nyuma ya nyumba. William Wulf na Sally McKee wa Chuo Kikuu cha Virginia walionya tangu mwaka 1995 kwamba vichakataji vinaongeza kasi upesi kuliko kumbukumbu, na kwamba pengo hilo ndilo litakalotukwamisha. Miaka zaidi ya 30 imepita, na bado kuna watu wanaouza ukubwa kana kwamba ni kasi.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba ipo hali ambayo RAM kubwa ni dawa halali. Ikiwa programu zimejaa mpaka mfumo unahamishia kurasa za kumbukumbu kwenye kadi ya SD, bodi itakwama vibaya na hakuna ujanja wa msimbo utakaoiokoa kwa haraka. Lakini hali hiyo haihitaji kubahatisha, kwani amri ya vmstat inaonyesha safuwima mbili, "si" na "so" (kinachorudishwa kutoka kwenye kadi na kinachohamishiwa huko), na zote mbili zikikaa kwenye sifuri wakati mashine inafanya kazi, basi hadithi ya memori kuzidiwa imekwisha. Kwenye bodi ya korosho zilikaa kwenye sifuri, na amri ya free ikaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya GB zile 2 ilikuwa haijaguswa.

Ugonjwa ulikuwa kwenye msimbo. Picha ya kamera ni ya kijivu, pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli baiti moja, na aliyeandika programu alikuwa ameijazia kila safu hadi ifike baiti 2048, bila shaka kwa sababu 2048 ni namba inayopendeza macho ya wanaprogramu. Kisha akaisoma picha kutoka juu kwenda chini, safuwima moja baada ya nyingine, ilhali ndani ya kumbukumbu picha hiyo imepangwa safu kwa safu. Kichakataji hakiendi kwenye RAM kufuata baiti moja, bali huleta kipande kizima cha baiti 64. Anayesoma kwa kufuata safu huzitumia baiti zote 64, na kichakataji, kikishaona mwelekeo wake, huanza kumletea vipande vinavyofuata kabla hajaviomba. Anayesoma kwa safuwima hutumia baiti moja, huziacha 63, huruka baiti 2048 mbele, hutumia nyingine moja, na kuendelea hivyo mpaka chini ya picha. Ili zile 63 alizoziacha ziwe bado zinamsubiri atakaporudi juu kuanza safuwima ya pili, ni lazima vipande vyote 1080 viwe vimehifadhiwa, yaani zaidi ya KB 67, katika kache ya KB 32.

Hilo lingekuwa baya la kutosha, lakini ile namba ya kupendeza ilizidisha balaa. Kache ya data ya Cortex-A72 haipokei kipande mahali popote penye nafasi. Imegawanywa katika vikundi 256 vyenye nafasi mbili mbili, na anwani ya kipande ndiyo inayoamua kitaingia kikundi gani. Ukiruka baiti 2048 kila mara, unarudi kwenye vikundi vile vile vinane tu, bila kujali picha ina ukubwa gani, na vikundi vinane vyenye nafasi mbili mbili ni vipande 16. Vipande 16 vya baiti 64 ni KB 1. Mtu huyu alikuwa na kache ya KB 32 na alikuwa anatumia KB 1, huku sehemu iliyobaki ikikaa bure mchana kutwa, halafu tunaambiwa tatizo ni uhaba wa kumbukumbu!

Tiba yake ni kubadilishana nafasi kwa vitanzi viwili (sehemu za msimbo zinazojirudia), cha safu kiwe nje na cha safuwima kiwe ndani. Pale ambapo hesabu inalazimu kwenda kwa safuwima, safu ijazwe hadi baiti 2112 badala ya 2048, ili kila mruko uangukie kikundi kingine, na picha ichakatwe kwa sehemu ndogo zinazoenea ndani ya kache. Mabadiliko hayo hayana ankara. Ukitaka ushahidi, endesha amri ya perf stat ukihesabu L1-dcache-load-misses (mara ambazo data haikukutwa kwenye kache ya kwanza) kabla na baada, na kwa bodi usiyoijua, programu ya kupima lat_mem_rd ya lmbench itakuchorea ngazi: muda wa kusoma unapanda data inapozidi KB 32, na unapanda tena inapozidi MB 1.

Kosa jingine, ambalo halikuwapo hapa ingawa ni la kawaida kwenye kazi za kamera, ni kusoma moja kwa moja, pikseli baada ya pikseli, kutoka kwenye bafa (eneo la RAM linalopokea picha) ambayo kiendeshi, yaani programu inayoiendesha kamera, kimeitenga nje ya kache. Hapo kila usomaji unakwenda mpaka RAM.

Bodi ile ilikuwa na tatizo la pili, nalo fundi alilipita bila kuligusa. Ilikuwa inalishwa umeme kwa chaja na waya wa simu, ndani ya kasha la bati lisilo na feni, na amri ya vcgencmd get_throttled, inayoeleza hali ya umeme na mwendo wa bodi, ilijibu 0x50005, maana yake umeme ulikuwa pungufu na mwendo ulikuwa umebanwa wakati huo huo, na kwamba hali hizo zimewahi kutokea tangu bodi ilipowashwa. Umeme ukishuka chini ya takriban V 4.63, bodi hujipunguzia mwendo ili isizime. Adapta ya V 5.1 na A 3 iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi hii ni sehemu ndogo sana ya bei ya bodi mpya, na bodi ya GB 8 ikichomekwa kwenye waya ule ule wa simu itabanwa mwendo vile vile.