Mývatn: Ukanda wa Mita 200 Hautoshi Kulinda Ziwa

Ziwa Mývatn liko kaskazini mwa kisiwa cha Aisilandi, si mbali na Mzingo wa Aktiki. Eneo lake ni kilomita za mraba 37 hivi, na kina chake kwa wastani ni mita mbili na nusu tu. Lilizaliwa miaka 2,300 hivi iliyopita, pale lava ilipomwagika na kuziba njia ya maji. Ziwa dogo hilo limezusha ubishi uliokwisha kupita nusu karne: wadudu na samaki wake wanapoporomoka, mkosaji ni binadamu au ziwa lenyewe? Swali hilo haliwahusu wanasayansi peke yao, maana kila jibu lina watu watakaokosa kazi au samaki.

Maisha yote ya hapo yanategemea usubi. Walio wengi ni wa aina ya Tanytarsus gracilentus, ambao hawaumi. Viluwiluwi wao hujenga vijumba vyembamba kwenye tope la chini na kula mwani mdogo unaoota juu yake, kisha wakikomaa hupanda hewani kwa mamilioni. Wakazi wa Kisumu, Musoma na Entebbe hawahitaji kuelezwa, kwa kuwa wanalijua wingu la namna hiyo likipanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Ila Mývatn kuna miaka ambapo wingu la usubi hao halionekani kabisa. Mwaka wa neema, mizoga ya usubi huanguka nchi kavu na kurutubisha majani ya ukingoni. Mwaka mbaya, vifaranga wa bata hufa kwa njaa na samaki hupungua.

Bata ndio walioliletea ziwa hili sifa. Zaidi ya aina kumi huzaliana hapo. Mmoja wao ni bata macho-dhahabu wa Barrow, ndege wa Amerika ya Kaskazini ambaye kwa Ulaya makao yake ya kuzaliana yako Aisilandi, na karibu wote wako Mývatn na kwenye mto Laxá unaotoka humo. Hutaga kwenye matundu ya miamba ya lava, na pia kwenye matundu ya kuta za mabanda na masanduku ambayo wakulima humtengenezea kwa makusudi. Wakulima nao huchukua mayai ya bata, lakini kwa desturi yao huacha kama manne katika kila kiota ili mama aendelee kuatamia. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Watu wa Mývatn wamelitumia ziwa lao vizazi kwa vizazi, na bata bado wapo. Anayedai kwamba kuhifadhi ni kumwondoa mtu kwanza, hoja yake haina mguu hapa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kikaja kiwanda. Sakafu ya ziwa ni matandiko manene ya magamba ya daiatomu, mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na udongo huo hutumika viwandani kuchujia vimiminika kama bia. Mashine ilifyonza tope kwa bomba hadi ukingoni, kisha likakaushwa kwa mvuke wa jotoardhi uliopatikana hapo hapo. Kijiji cha Reykjahlíð kilikua kwa sababu ya ajira hizo. Katika tarafa yenye watu mia chache tu, ambako baridi ni ndefu na kondoo hawatoshi kuwabakiza vijana nyumbani, mshahara wa mwaka mzima si jambo la kudharauliwa. Nawaheshimu waliokitetea kiwanda kile. Walichotetea ni shule isifungwe na watoto wao wasihamie mjini.

Na hoja yao ya kisayansi haikuwa ya kubeza. Walisema uchimbaji ulifanyika kwenye ghuba ya kaskazini tu, huku usubi na samaki wakiporomoka hata kusini. Walisema pia kwamba ziwa hili lina rutuba kwa asili yake: chemchemi za upande wa mashariki humwaga maji yaliyopita ndani ya miamba ya volkano, yamejaa fosforasi na silika. Wapinzani wao, wakiwemo watafiti, walijibu kwamba mashimo ya uchimbaji yamekuwa mitego. Upepo husukuma mabaki ya mwani na chembe za chakula kutoka sehemu moja ya ziwa hadi nyingine, lakini zikitumbukia kwenye shimo refu hazitoki tena.

Kwa miaka mingi pande hizi mbili zilishindana kana kwamba upande mmoja lazima uwe sahihi na mwingine uwe umekosea. Mwaka 2008 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliochambua kumbukumbu za muda mrefu za usubi wa Mývatn, na kwangu mimi ndio uliobadilisha swali lenyewe. Kati ya mwaka wa wingi na mwaka wa uhaba, idadi ya usubi hupishana kwa karibu mara milioni moja, na mzunguko huo huchukua miaka minne hadi saba bila ratiba maalumu. Chanzo kiko ndani ya ziwa: usubi wakizidi humaliza chakula chao, huanguka, kisha mwani huota upya. Hapo watetezi wa kiwanda walikuwa na haki. Lakini hesabu za watafiti hao zilionyesha pia kwamba ukubwa wa maporomoko hutegemea sana vijichembe vidogo vya chakula vinavyoletwa na maji kutoka kwingine, vile vile ambavyo mashimo huweza kuvimeza. Mzunguko ni wa asili, ila binadamu anaweza kuufanya uwe mkali zaidi bila yeye kujua. Kwa hiyo kusema "ziwa limekuwa likipanda na kushuka siku zote" hakumwondolei mtu lawama. Ziwa ambalo huyumba hivyo ndilo la kuogopwa kuguswa.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2004. Waliotarajia uponyaji wa haraka hawakuupata. Samaki wa jamii ya trauti ambao ndio riziki ya wavuvi wa hapo walikuwa wamepungua kiasi kwamba kuanzia mwaka 2011 uvuvi wao ulibanwa vikali. Lile ajabu la ziwa, mwani unaojiviringisha kuwa madonge ya kijani makubwa kuliko ngumi, uliwekewa ulinzi wa kisheria mwaka 2006, na bado kufikia 2014 ulikuwa karibu umetoweka. Wakati huo huo wageni walimiminika: Aisilandi ilipokea watalii nusu milioni hivi mwaka 2010, na zaidi ya milioni mbili mwaka 2018. Hoteli zilipanuliwa, na maji machafu yake yakawa hofu mpya. Waliosema kwamba utalii ni safi kuliko kiwanda walisahau kwamba mgeni naye huenda chooni, na kwamba kwenye ardhi ya lava yenye nyufa kila mahali, kinachomwagwa huzama hadi kwenye maji ya ardhini na kuibukia ziwani.

Hapa ndipo sheria inaponisikitisha. Tarehe 25 Agosti 1970 wakulima walilipua kwa baruti bwawa dogo kwenye mto Laxá, wakipinga mpango wa bwawa kubwa la umeme ambalo lingezamisha bonde lao. Zaidi ya watu mia walijitokeza kusema wamehusika. Mpango ukaachwa, na mwaka 1974 bunge likapitisha sheria iliyolinda ziwa, mto na tarafa nzima. Mwaka 2004, mwaka ule ule wa kufungwa kiwanda, sheria mpya ilipunguza eneo hilo hadi ziwa, mto na ukanda wa mita 200 kutoka ukingoni, pamoja na ardhi oevu za karibu. Waliotaka mabadiliko walikuwa na sababu: ni usumbufu kweli mkulima aombe kibali cha jambo linalofanyika mbali kabisa na maji. Lakini Mývatn haliishi kwa maji ya ukingoni. Linaishi kwa chemchemi ambazo chanzo chake kiko mbali, chini ya lava, na mita 200 hazipimi chochote kinachohusu safari ya maji hayo. Mpaka wa ulinzi ungepaswa kufuata mkondo wa maji ya ardhini, hata kama ramani yake itawaudhi wenye hoteli na kampuni za jotoardhi.

Nao wenyeji wanaoogopa vibali vingi wana mfano mzuri wa kuegemea. Kwa makubaliano ya mwaka 2018, maji ya vyooni hukusanywa kwenye matangi, yakasafirishwa hadi Hólasandur, jangwa la mchanga lililo kaskazini mwa ziwa, na kutumika kuotesha majani pale ambapo ardhi imekufa. Gharama ipo, na imegawanywa kati ya serikali, tarafa na wenye hoteli. Anayetaka kujenga au kuchimba ndani ya bonde la Mývatn aanzie hapo: aonyeshe kwanza uchafu wake utakwenda wapi, ndipo apewe kibali, wala isiwe kazi ya mvuvi kuthibitisha baadaye kwamba ameathirika.