Malaika wa Kwenye Biblia Hawakuachi Ulale

Jamani mi sina ugomvi na malaika, tuelewane hapo mapema. Nimebatizwa, kipaimara nimepata, sala ya malaika mlinzi naijua toka sijui kufunga kamba za viatu, na sikukuu yao ya tarehe 2 Oktoba sijawahi kuisahau. Ninachosema ni kwamba malaika tuliosimuliwa utotoni na malaika walioandikwa kwenye Biblia ni watu wawili tofauti kabisa, na hasara ya hiyo tofauti naibeba mimi, kila Jumapili, misa ya kwanza, kabla hata jogoo hajasafisha koo.

Sebuleni kwetu kuna ile picha, naamini na nyie mmeiona kwa bibi zenu. Watoto wawili wanavuka daraja bovu, ubao mmoja umeng'oka, chini maji yanachemka, na nyuma yao kasimama malaika mrefu kanyoosha mikono, mabawa meupe pee, kanzu haina hata tone la tope. Swali langu ni dogo tu, ule ubao mbona haupigilii? Yupo palepale, mikono mitupu, haraka hana! Na sisi kwenye mtaro wa kwenda kituoni tuna daraja la staili ileile, mvua ikinyesha kidogo mbao zinaondoka na maji, ukiuliza serikali ya mtaa unaambiwa bajeti. Mke wangu anapita pale na ndoo ya maandazi kichwani, hashiki kitu, anasema malaika wamemshika. Mimi nashuka kwa makalio, suruali ya kazini ndo hivyo tena.

Nikampelekea katekista malalamiko. Akafungua Zaburi ya 91, "atakuagizia malaika zake wakulinde katika njia zako zote", tena watakuchukua mikononi mwao usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe. Nikasema haa, si unaona, imeandikwa kubebwa! Akanipeleka Mathayo sura ya 4 taratiibu, kumbe huo mstari ndo shetani alimsomea Yesu juu ya kinara cha hekalu ili ajirushe. Yaani mtu mwingine anayeipenda hiyo aya kwa sababu kama zangu ndo yule. Nikaomba maji ya kunywa.

Sasa ngoja niwaambie kinachoniuma hasa. Ukiwafuatilia malaika wasaidizi kwenye Maandiko, kazi yao ya kwanza karibu kila mara ni kukuamsha. Mchukue Eliya, mtu kamkimbia malkia Yezebeli, kachoka mpaka anaomba afe, kalala zake chini ya mti wa mretemu, mtu wa hivyo si unamwacha apumzike? Malaika kamgusa, "Inuka, ule." Anaangalia anakuta mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji, hapo sina neno, hiyo huduma ni nzuri hata mimi ningeamka. Akala akanywa akajilaza tena, na hapo ndo nampenda huyu nabii, ni mtu wangu kabisa. Malaika akarudi! Inuka ule, safari hii ni kubwa mno kwako. Kumbe ule mkate ulikuwa wa kutembelea siku 40 mchana na usiku mpaka mlima Horebu, kwa miguu.

Yusufu naye kalala, fundi seremala, unajua usingizi wa mtu aliyeshinda na randa, malaika anamtokea ndotoni, ondoka, mchukue mtoto na mama yake ukimbilie Misri, na mzee wa watu akaondoka usiku uleule hakusubiri kukuche. Lutu ndo alijaribu msimamo wangu, alfajiri anaambiwa inuka mji unateketezwa, yeye anakawiakawia, wakamshika mkono na mke wake na binti zake wakawatoa nje ya mji. Hii habari mke wangu anaipenda mno. Saa kumi na moja alfajiri kiwiko kinatua hapa kwenye mbavu, nikiguna naambiwa "hata Lutu alishikwa mkono, amka baba".

Halafu upande wa pili wa ukuta nina jirani mlokole, mtu mwema, akipika pilau nakula, ila yeye malaika anawatuma. Saa nane usiku yuko hewani na spika, natuma malaika wa vita mashariki, natuma malaika magharibi, na magharibi kwake ndo chumbani kwangu. Siku moja nikamwambia kwa upole tu, jirani, Yesu mwenyewe pale bustanini alisema angeweza kumsihi Baba akamletea zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika, kumsihi Baba, na hata hivyo hakuomba, wewe wa spika moja unayapanga majeshi kwa mamlaka gani? Akanijibu kwa Danieli sura ya 10, kwamba Danieli alisikiwa toka siku ya kwanza ila yule aliyeleta jibu alizuiwa na mkuu wa Uajemi siku 21, mpaka Mikaeli alipokuja kumsaidia, kwa hiyo lazima tusukume. Nikakubali yaishe, maana alikuwa ameanza kushika maiki.

Kuna mmoja tu ningemchukua bila masharti, Rafaeli, yule wa kitabu cha Tobiti kwenye Biblia yetu Wakatoliki. Huyo alijifanya kijana wa kawaida tu, akapatana mshahara wa drakma moja kwa siku, akamsindikiza Tobia mpaka nchi ya Media, mbwa naye nyuma. Akamuunganishia mchumba. Na sikilizeni hapa, baba yake Tobia alikuwa ameacha talanta kumi za fedha kwa mtu huko, bwana harusi amekwama kwenye sherehe, basi Rafaeli akafunga safari mwenyewe kwenda kuzidai, na akarudi nazo! Malaika anadai deni la mtu! Mimi kuna jamaa hapa mtaani nikimpigia simu anaongea kama bibi yake, namtaka huyo Rafaeli kesho asubuhi. Jirani akaniambia hicho kitabu kwenye Biblia yake hakimo, nikasema ndo maana unatumia nguvu nyingi.

Lakini hata Rafaeli nikimsoma vizuri naanza kusita. Pale mtoni Tigri samaki mkubwa alipomrukia Tobia, malaika yupo pembeni, si angempiga hata teke moja? Akasema mkamate huyo samaki! Tobia akashikana naye peke yake mpaka akamvuta nchi kavu, na kumpasua akampasua yeye, nyongo ndo ikaja kumtibu baba yake macho. Malaika alichangia maelekezo.

Na Petro je, Matendo 12. Makundi manne ya askari, kila kundi wanne, yeye kafungwa minyororo miwili katikati ya askari wawili na analala vizuri tu. Malaika kaingia na nuru, kampiga ubavuni, naomba mlione hilo, ubavuni, ondoka upesi. Minyororo ikaanguka yenyewe. Sasa mwenye uwezo wa kuangusha minyororo anashindwaje kumvisha mtu viatu? Hapana, "Jifunge, ukavae viatu vyako", haya vaa na nguo, nifuate. Wakapita lindo la kwanza, la pili, lango la chuma likafunguka lenyewe, njia moja tu mbele, huyo kaondoka, kamwacha mzee barabarani usiku. Petro akajikokota mpaka kwa mama yake Yohana Marko akagonga. Dada wa kazi, Roda, akaitambua sauti, kwa furaha akakimbilia ndani kutoa habari na mlango hakufungua! Lango la jela limefunguka bila ufunguo, la nyumbani unagonga mpaka vidole vinavimba, na ndani wanabishana, wengine wanamwambia Roda una wazimu, wengine ni malaika wake huyo.

Angalau yeye walimdhania malaika. Mi nikigonga saa tano usiku nasikia kutoka ndani, "muulizeni amekuja na mkate?"